Moshi Ulipokoma Chumbani kwa Mzazi

Naikumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, ukungu umeshuka hapa Mwika mpaka migomba ya jirani haionekani, nami natoka kuteka maji huku naimba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, darasa la saba nimemaliza, na kichwani nilikuwa na duka la mitumba pale Himo lenye kioo mbele na jina langu, Manka, juu ya mlango. Duka lenyewe halikuwepo, lakini niliamka nalo kila siku.

Nakusimulia haya kwa sababu wiki ijayo unamleta mkeo na kichanga chenu wakae uzazi katika chumba kile kile mlichokaa wewe na mama yako. Na jana nimekusikia ukisema dohani iko sawa tu, utaisukuma mwenyewe kwa mti mrefu. Kaa kwanza. Hata mimi shangazi yako niliisukuma kwa mti mrefu.

Nyumba hii baba yako aliijenga saruji na bati vilipoanza kupatikana tena madukani. Alikuwa ameona nyumba za wakubwa Arusha, naye akataka meko ya ukutani, na juu yake dohani ya matofali ya kutoa moshi nje. Bibi yako alicheka. Jiko gani hilo, alisema, linafukuza moshi wakati mahindi ya darini yanauhitaji? Basi nyumba ikawa inafunguliwa Krismasi, baba yako akija kutoka kazini, na kufungwa Januari. Miezi iliyobaki dohani ilikuwa mali ya ndege.

Kisha ukazaliwa wewe. Baba yako akarudi kazini, na mama yako akawekwa kwenye chumba kile chenye meko kwa miezi mitatu, kama desturi yetu. Asiguse jembe wala maji ya baridi, apikiwe mtori wa ndizi na nyama, moto usizimike, na mwanamume asiye wa nyumbani asikanyage humo. Mimi nikapewa kazi ya moto.

Moto wa kwanza tu, moshi ukarudi ndani. Fundi aliyeijenga dohani, Mzee Elifuraha, alikuwa anakaa ng'ambo ya mfereji, ukimwita kwa sauti anaitika. Alikuwa amemwambia baba yako aitwe kila mwaka kabla ya baridi. Hatukumwita. Bibi yako alisema fundi ni mwanamume na mzazi yumo ndani. Mimi nilikuwa na sababu yangu nyingine, nayo ni kutaka sifa. Nikapanda juu ya bati lililoloa, na mwanzi mrefu nilioufungia majani makavu ya migomba kwenye ncha, nikasukuma mpaka ukakwama. Nilipouvuta ulirudi bila majani. Nikajisemea, yataungua yenyewe.

Hayakuungua, na moshi ukazidi. Ndipo nikapata akili niliyoiona kubwa kuliko zote: nikaacha kuni, nikatia mkaa. Moshi ukakoma. Bibi yako akawaambia majirani kwamba Manka ana mikono ya fundi. Nami kwa furaha nikaziba dirisha kwa blanketi ili joto lisitoroke.

Siku ya tatu ya mkaa mama yako akaanza kulalamika kichwa. Tukasema ni uchovu wa uzazi. Mimi pia kiliniuma, ila nikienda kumkatia ng'ombe majani kinapona, nikirudi chumbani nacho kinarudi. Nikafanya utani kwamba kichwa changu hakipendi kazi za ndani. Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu, nami niliyatazama mawingu nikadhani ni pamba.

Asubuhi ile ninayokwambia, mama yako alitapika mtori akalala tena. Wewe hukulia kutaka ziwa. Nikawaza, mtoto mtulivu huyu, kamrithi nani? Nikaenda zangu kuteka maji.

Wakati wa kurudi nikakutana na Mzee Elifuraha njiani, jembe begani. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia huku akitazama juu ya kichwa changu, kwenye paa letu.

"Marahaba, Manka. Nasikia mna mzazi. Mbona dohani yangu imelala?"

Nikamjibu kwa maringo kwamba siku hizi tunatumia mkaa, ndiyo maana haoni moshi, na dirisha nimeliziba vizuri. Hakucheka. Akaniuliza mzazi anaendeleaje. Nikasema kichwa tu. Akaniuliza kuhusu mtoto. Nikasema analala sana. Akaliweka jembe chini.

"Watoe nje. Sasa hivi."

"Mzee, mzazi hatolewi kwenye baridi. Ni mwiko."

"Mwiko hushikwa na walio hai, binti. Kimbia."

Debe la maji sijui nililitupa wapi, mzee akinifuata nyuma. Bibi yako alisimama mlangoni akaninyooshea mikono, akauliza nimeingiwa na nini. Mimi ni mtu wa kulilia hata kifaranga, lakini siku ile nilimsukuma mama yangu mzazi nikapita. Nikakubeba wewe kwanza, nikakuweka mikononi mwa mzee uani, nikarudi kumburuta mama yako na godoro lake. Ulikuwa umelegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Upepo wa mlimani ukakupiga usoni. Kimya. Ukakupiga tena, nawe ukapiga kelele. Nimesikia kwaya nyingi usharikani kwetu, lakini hakuna iliyoimba vile.

Jirani alikuwa anapakia ndizi za sokoni kwenye pikapu. Zikashushwa, mkapakiwa ninyi. Hospitali waliwawekea hewa safi kwa mpira puani, na daktari akatuambia kwamba hewa ya mkaa inaua bila kuonekana. Moshi ni kero, lakini una huruma: unakuchoma macho, unakufukuza. Ile hewa nyingine haina rangi wala harufu, inakubembeleza ulale.

Kesho yake, meko yamepoa, Mzee Elifuraha alifungua tofali kwenye kona ya dohani. Akatoa kiota. Chini ya kiota akatoa furushi langu la majani ya migomba, jeusi kama lami, akaliweka miguuni pangu.

"Ndege aliziba nusu," akasema. "Nusu nyingine ni yako. Kutojua si kosa, Manka. Lakini mimi nilikuwa hapo ng'ambo ya mfereji."

Nikakata jani la sale, nikaenda nalo hospitali. Unajua kwetu aliyeletewa sale hakatai kusamehe. Mama yako akalipokea kwa mikono miwili. "Nimepokea, wifi," akasema. "Lakini ule mtori wako ulikuwa hauna chumvi." Tukacheka mpaka nesi akatukemea.

Sasa sikia, mwanangu. Kwanza meko yawe baridi kabisa. Chukua kioo na tochi, kiweke kioo pale chini kwenye mdomo wa dohani, uone mwanga wa mbingu. Usipouona, usiwashe. Mulika masizi kwa tochi, uyakwaruze kwa kijiti. Yakiwa na unene wa ganda la ndizi, au yananata na kung'aa, hayo ni ya fundi. Simama uani utazame juu kama kuna ufa, tofali lililolegea, au ndege wanaoingia na nyasi mdomoni. Kazi yako inaishia kwenye kutazama. Usipande bati, usisukume kitu, usiunguze kilichokwama. Fundi aitwe kila mwaka hata kama huoni kasoro, na moshi ukirudi ndani aitwe siku hiyo hiyo. Mkaa usiwake katika chumba kilichofungwa. Kichwa kikiuma ndani na kupona nje, toka na wote walio humo, nendeni hospitali. Kubishana ni baadaye. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nyumba nayo huugua.

Desturi sikwambii uiache. Mpikie mkeo mtori, mpumzishe, mpe joto. Ila fundi aingie kabla ya mzazi, hapo mwiko haujavunjwa na mtu. Mzee Elifuraha ametangulia, lakini mwanawe anayo kamba na brashi za baba yake. Nimeshamwambia aje Jumamosi, nawe utamshikia ngazi. (Duka nalo nilikuja kulipata. Kioo kilipasuka wiki ya kwanza.)

Mungu akujalie meko yenye joto na dohani iliyo wazi. Na mtoto wako alie, mwanangu, alie kwa sauti mpaka ng'ambo ya mfereji wajue humu ndani mna watu.