Cherehani Iliyoanikwa Juani

Kre-kre-kre, halafu tak. Mpaka leo nikishika kitambaa kipya naisikia cherehani ya mkono ya bibi yangu mzaa mama, pale barazani kwetu Mlandege, Iringa. Alikuja nayo kutoka pwani alipoolewa. Maua yake ya dhahabu yalikuwa yamefutika upande ule mkono wa Bibi ulipozoea kupumzika. Mimi nilikaa chini kuokota vipande, nikishona kichwani nguo za maharusi ambazo hakuna aliyeniagiza.

Mwaka mmoja, elfu moja mia tisa hamsini na kitu, kipupwe kilizidi, cherehani ikagoma. Gurudumu halizunguki kabisa. Mjomba akasema imeshakufa, na kwa kuwa kesho yake mchana alikuwa anapanda basi la Mbeya, ataibeba akaibadilishe huko kwa ile mpya ya miguu. Bibi hakubisha. Aliuliza tu hiyo ya miguu ataiendesha nani, na magoti yake haya. Akaingia ndani kutafuta kanga ya kuifungia, akakawia kutoka.

Asubuhi nilitaka kujipaka mafuta ya nazi. Chupa nzima ilikuwa imeganda, nyeupe kama samli. Nikasimama nayo mkononi. Mafuta ya mashine yalikuwa hayapatikani madukani kwetu siku nyingi, na Bibi alikuwa akiitilia cherehani haya haya ya nazi, kama walivyofanya kwao, kwenye joto.

Nikaibeba mpaka uani, nikaiweka juani juu ya mkeka. Mjomba akacheka, akauliza tangu lini cherehani ikaanikwa kama muhogo.

"Mwache," Bibi akasema. "Hata mimi nikiamka sitembei mpaka nipate jua."

Jua lilipopanda nikajaribu. Gurudumu likasogea, likakwama, likasogea tena, kisha likazunguka lote.

Bibi alicheka akishika mbavu. "Mke mwenzangu, kumbe nimeipaka mafuta kama kichwa cha mtoto!"

Mjomba akaondoka mikono mitupu, ametumwa mafuta ya mashine.

Bibi alipoingia kuswali adhuhuri, nilichovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya taa, nikasafisha mafuta ya nazi kwenye tundu za cherehani, moja moja. Kisha nikachomoa uzi, nikazungusha polepole bila kitambaa, ili niisikie tu.

Tak.