Bunduki Niliyosemwa Nimeifunga

Mwanangu wa mwisho ndiye aliyefunga mzigo wangu. Vitenge vyangu, blanketi, sufuria moja na Biblia, vyote alivikusanya ndani ya shuka, akakaza fundo kwa meno. Nilisimama mlangoni namtazama. Nimezaa hapa Ndalambo, nimemzika mume hapa hapa, halafu natolewa nyumbani kwa ajili ya bunduki!

Shule niliishia darasa la pili, lakini jina la mtu likiingia kichwani mwangu halitoki. Hata fundi wa Tunduma nitakayemweleza, jina lake ninalo, na la mkewe pia. Sitaandika hata moja. Wote hao bado tunasalimiana.

Bunduki yenyewe ilikuwa mpya, ya kibali, yenye darubini juu. Nguruwe pori walikuwa wanatumalizia mahindi shambani, mwanangu akauza ng'ombe, akahangaika na ofisi mpaka akaruhusiwa. Siku ya kuichukua aliijaribu mbele ya muuzaji, ikapiga palepale alipolenga. Alirudi anacheka peke yake kama bwana harusi.

Alimkuta wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ameshafika. Wifi ni mtu wa maombi; akianza kuomba, kuku wanahama uani. Akasema, "Silaha haikai kwenye nyumba ya kaka yangu bila kuombewa." Mwanangu akahakikisha haina risasi, akampa. Wifi akajifungia nayo chumbani, tukawa tunasikia sauti yake ikipanda na kushuka. Alipotoka, akailaza kwenye mkeka katikati ya sebule watu waione.

Mimi nikaingia na ndoo ya maji kichwani. Mkeka umeziba njia. Nikairuka.

Wifi akashika kichwa. Kwetu mwanamke haruki silaha ya mwanamume, iwe mkuki, iwe upinde. Wanasema inapofuka. Nalijua hilo tangu utoto, lakini mwenye ndoo kichwani hatazami chini.

"Wifi, umeiruka?"

"Nimepita na maji, wifi."

"Umeiruka!"

Asubuhi yake mwanangu akachora duara la mkaa kwenye boksi, akaliegemeza kwenye kichuguu. Akalala kifudifudi, bunduki juu ya gunia la pumba. Risasi moja ikaenda juu, nyingine kushoto, nyingine hatukuiona ilikoangukia. Akasafisha mtutu, akabadilisha risasi, wapi! Matundu yalitawanyika kama mahindi waliyorushiwa kuku. Akamwita mgambo wa kijiji, mtu aliyefundishwa kulenga, naye akatawanya vilevile.

"Ingekuwa inakosea upande mmoja ningeielewa," mgambo akasema. "Unairekebisha, yanakwisha. Hii inapiga huku, inapiga kule, kama mlevi anayetafuta mlango. Mimi sijaona."

Kisha nguruwe wakaingia shambani tena, na mwanangu akamkosa mmoja aliyesimama karibu kama mbuzi wa kufugwa.

Hapo ndipo neno lilipoanza. Tena halikuanzia kwa majirani. Lilianzia jikoni kwangu, wifi akila ugali wangu.

"Bunduki imefungwa," akasema. "Na aliyeifunga tunamjua."

"Nani huyo?"

"Jiulize wewe uliyeiruka."

Nikacheka, maana mimi na wifi tumetaniana tangu nilipoolewa. Yeye hakucheka. Nikamgeukia mwanangu aniondolee aibu. Akainama, akamega tonge, akatia mchuzi, akala. Jamani, lile tonge! Nilihisi kama limepita kooni kwangu mimi. Huku kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi akishaitwa mchawi, hana pa kukata rufaa. Wapo waliochomewa nyumba, na majina yao ninayo.

Mwishowe mwanangu akaniambia, "Mama, utakwenda kwanza kukaa kwa mjomba, kule Isongole, mpaka watu wapoe."

"Watu gani, mwanangu?"

Akachukua shuka, akaanza kufunga.

Tulipanda gari moja mpaka Tunduma, mimi na mzigo wangu, yeye na bunduki yake ndani ya begi pamoja na karatasi zake. Alitaka aipeleke kwa fundi wa silaha, kisha anipandishe mimi gari la Isongole. Njia nzima alilibana lile begi upande wa dirishani, lisiguse nguo yangu. Nililiona hilo. Nikatazama barabara.

Fundi alikuwa mtu mzima, mwenye kibali cha kazi yake. Kwa mazoea ya wateja wa upande wa Zambia, kila mwanamke mzee kwake ni bamayo, yaani mama. "Bamayo, kaa kwenye benchi," akaniambia, akamgeukia mwanangu. "Inasumbuaje?"

Mwanangu akaeleza. Fundi akauliza kama risasi ni za aina ileile, kama alilenga akiwa ameegemea kitu. Akaitikisa darubini, imeshika. Kisha akakamata mtutu kwa mkono mmoja na mti wa bunduki kwa mkono mwingine, akatikisa. Ikalia ko, ko, kama jino linalotaka kung'oka.

"Hii bunduki haijafungwa," akasema.

Nilisimama kabla sijajua kama nimesimama. "Baba, umesemaje? Rudia."

"Haijafungwa, bamayo. Skrubu zinazoshikanisha chuma na mti zimelegea. Kila ikilia, chuma kinakaa mkao mwingine."

"Mwambie na huyu! Mwambie kwa sauti asikie!"

"Kijana, mama yako mbona anashangilia skrubu?"

Fundi akainama tena. "Ila mtu ameifungua hii. Tazama vichwa vya skrubu vilivyochubuka. Hii ni kazi ya kisu." Akatoa skrubu, akanyanyua chuma. Chini ya mtutu, ndani ya mfereji wa mti, kulikuwa na leso nyeupe iliyokunjwa, inanuka mafuta. "Na hiki nacho? Mtutu ukiegemea kitu hapa, unasukumwa."

Akaikunjua. Pembeni ilikuwa na maua ya bluu ya uzi. Mwanangu akanitazama kwa jicho ambalo sikulizaa mimi.

"Mama, huu si ushonaji wako?"

"Ni wangu. Leso nilimpa shangazi yako."

Akatoa simu, akapiga palepale, akaweka sauti ya nje tusikie sote. Wifi alipokea kwa furaha.

"Shangazi, ile siku ya kuiombea bunduki, ulitumia leso?"

"Si imo humo humo, mwanangu, ya upako! Nilifungua kwa kisu, nikaiweka. Usiitoe, ndiyo inayopambana na yule."

"Yule nani?"

Akashusha sauti, "Mama yako yuko karibu?"

"Yupo."

Simu ikakatika. Fundi akaiacha leso mezani, akakaza skrubu bila kuinua macho, na gari la Isongole likaondoka bila mimi.

Nyumbani mwanangu alipiga tena lile boksi, na kifuniko cha chupa ya chai kikatosha kuyafunika matundu yote. Wifi alikuja kutazama, akainua mikono juu. "Mnaona? Maombi yamejibiwa!" Hata leo nikimkumbuka naduwaa.

Mzigo wangu ulikaa kando ya kitanda vilevile. Nilijifunika khanga, baridi ikinipata, na sikuugusa. Mwanangu akaja, akasimama kizingitini.

"Mama, mbona hujafungua mzigo?"

"Ulifunga wewe."

Akapiga magoti. Alikuwa amelikaza lile fundo barabara. Vidole vilishindwa, akaliinamia kwa meno, nami nikakaa kitandani nikimtazama mpaka likaachia.