Shilingi Sitini Kwenye Debe la Unga

Leo mume wangu ameuza vyombo vyake vya useremala, na mimi nilikuwa na pesa ndani.

Shilingi sitini. Nilizifukia kwenye debe la unga.

Jamani, ngojeni nimalize.

Mume wangu Petro hajui kusema hapana. Ndugu akipiga hodi hapa Mbweni, haondoki mikono mitupu. Basi miaka miwili nimeweka akiba kwa siri, nikijiambia ndiyo busara ya mke Mkristo.

Mwanetu Yohana ana homa tangu Jumapili. Jana daktari akataka pesa za sindano. Nilijua pesa zipo, ila niliona haya kusema zimetoka wapi. Nikangoja.

Petro hakungoja. Leo asubuhi alitoka na mfuko wa vyombo, akarudi na dawa ya sindano tu.

Hapo ndipo nikamwambia yote.

Tukachukua zile sitini, tukakimbilia soko la Darajani kuvikomboa. Aliyevinunua akatikisa kichwa. "Nshaviuza. Vimekwenda Pemba na meli."

Njiani nikasema, "Nisamehe, baba Yohana. Tutanunua vingine."

Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema:

"Pesa si kitu, Marta. Kila asubuhi nimepiga magoti nikimwomba Mungu tupate japo akiba ndogo. Na wewe uko ubavuni mwangu, unaitikia amina."



Mtoto homa imeshuka, namshukuru Mungu. Petro hajala, wala hajanitazama.

Nyinyi mlioolewa, niambieni. Kesho asubuhi akipiga magoti, nipige naye?