Maji ya Treni ya Mzee Twalib

Ukifika Tabata ukaulizia kwa Mzee Twalib, watu watakutazama tu. Ulizia kwa mzee wa treni, hapo hata mtoto anayecheza mchangani atakunyooshea kidole getini kwake. Wenzake wa rika lake uani kwao kuna kuku, kuna mbuzi, kuna vyumba vya wapangaji. Kwake kuna garimoshi.

Wala si mdoli wa bati. Ni garimoshi lenye boila ya shaba, bomba la moshi, filimbi, na magurudumu aliyoyakereza mwenyewe. Urefu wake kama kitanda cha mtoto, na likisimama linamfika mtu mzima magotini. Ujana wake wote Mzee Twalib aliumaliza karakana ya reli, akitengeneza yale makubwa yaliyokuwa yakitingisha nyumba yakipita. Yalipoondolewa relini aliyasikitikia kama watu. Alipostaafu na yeye, akaezeka mabati ukutani uani, akafunga jiliwa la kubania vyuma, akaweka mashine ya kukerezea aliyoipata mtumba, akaanza kulitengeneza moja lake. Kila kitu kilekile, ila kidogo.

Bi Chausiku mkewe alikwishazoea. Tupa ikianza kulia kwenye chuma baada ya alfajiri, yeye huku anakuna nazi, basi nyumba imeamka. Kulalamika alilalamika, hiyo haki yake. Ila mtu wa nje asithubutu. Siku moja shughulini mwanamke alimuuliza, huku anacheka na wenzake, kama ni kweli mumewe uzeeni anachezea vitreni.

"Wangu anachezea treni," Bi Chausiku akamjibu. "Wako anachezea nini, shoga? Tuambie na sie tukijue."

Mwanamke akajifanya anatafuta kiatu chake.

Basi Mzee Twalib akatandika na reli: vyuma bapa juu ya mataruma ya mbao, kutoka mlango wa jiko, kupita ukuta wa choo, mpaka getini. Kamba ya kuanikia nguo ikahamishwa ili kupisha. Akaunga na vitoroli viwili vya kukalia, kimoja cha dereva, kimoja cha abiria.

Balaa likaanzia mikononi. Mikono ya mzee ilianza kutetemeka. Mara kikombe kinagongana na kisosi, mara skrubu inadondoka mchangani, inatafutwa mpaka adhuhuri. Halafu siku moja binti yao Shamimu amekuja kuwatazama kutoka Chamazi, akamkuta baba yake amefunga kidole kitambaa, damu inachuruzika.

"Baba, sasa basi," Shamimu akasema, machozi yanamlenga. "Njooni mkae kwangu, nafasi ipo. Hii karakana ifungwe kabla mashine haijakukata mkono."

Mzee akakaza kitambaa kidoleni. Akasema, "Nipe mpaka Idi. Siku ya Idi treni yangu ikimvuta mama yako kutoka jikoni mpaka getini, mikono yangu bado mizima, uniache na vyombo vyangu. Isipomvuta, nitakukabidhi funguo mwenyewe."

"Imvute Mama?" Shamimu akamwangalia mama yake juu mpaka chini. Bi Chausiku si mwanamke wa kubebwa na upepo.

"Unanitazama nini? Unanipima kilo?" Bi Chausiku akashika kiuno. "Na wewe Baba Shamimu, mie mbona sijaulizwa?"

"Wewe abiria. Abiria haulizwi, anapanda."

Bi Chausiku aliliona hilo kama mzaha, lakini usiku alimsikia mumewe akigeuka na kugeuka. Mtu huyu ukimtoa kwenye jiliwa lake, atakaa wapi? Atakaa barazani Chamazi ahesabu bodaboda? Bi Chausiku akajiapiza kuwa treni itamvuta, hata kama itabidi aisukume kwa miguu chinichini.

Sasa, sharti ujue habari ya maji. Maji ya kisima pale mtaani yana chumvi, na boila haitaki chumvi. Mzee alitega pipa la bluu chini ya mfereji wa bati, likajaa maji ya mvua, akalifunika. Akatangaza, "Haya ya treni. Asichote mtu."

Idi ikafika, mabomba yamekauka. Bi Chausiku akachemsha maji ya kisima, akamimina maziwa, maziwa yakakatika mapandemapande. Akamwaga. Akachemsha tena, yakakatika tena. Na wageni ndio hao, "Hodi!" getini. Mwanamke wa pwani, siku ya Idi, awape wageni chai iliyokatika? Bora awafungie mlango. Akalitazama pipa. Akachota ndoo moja tu. Kisha ya juisi ya ukwaju. Kisha ya wageni waliokuja baada ya wageni. Alipochungulia tena akaona chini ya pipa panang'aa. Haraka haraka akalijaza maji ya kisima, akafunika. Maji ni maji, akajiambia, treni haina ulimi.

Alasiri mzee akajaza boila maji ya pipa, akawasha mkaa aliouchekecha punje punje. Majirani wakajipanga kwenye viti vya plastiki. Mbele kabisa akakaa Bi Wahiba, mwenye duka la kona, ambaye babu zake walitoka Omani lakini yeye na maneno yake ni wa Tabata hasa.

"Da Chausiku, umeaga nyumbani lakini?"

"Nimeaga, na wewe mwenye deni la umbea nimekusamehe."

Akakaa kwenye kitoroli na dera lake jipya, mumewe mbele yake. Mvuke ukalia. Mzee akavuta wenzo, treni ikasogea hatua moja, watu wakapiga vigelegele. Mara bomba la moshi likatapika maji. Povu jeupe, pwaa, likamrukia Bi Wahiba miguuni. Treni ikakohoa, ikatetemeka, ikasimama.

"Punguza pilau, Bi Chausiku!" mtu akapiga kelele nyuma. Watu wakavunjika mbavu, na yeye mwenyewe akacheka.

Akaacha kucheka alipomtazama mumewe. Mzee hakuwa akiitazama treni. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Nimekosea mahali," akasema polepole. "Mkono umeteleza mahali, wala sijui wapi." Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa funguo. "Shamimu, mwanangu. Njoo."

Bi Chausiku akalamba mdomo, tone la lile povu lilimwangukia hapo. Chumvi. Angeweza kunyamaza. Wageni wote wale, na sifa zote walizommwagia kwa ile chai!

"Rudisha funguo zako," akasema kwa sauti. "Mkono wako hauna kosa. Ni mie."

"Wewe nini?"

"Maji ya pipa. Nimewapikia hawa chai. Nikajazia ya kisima."

Bi Wahiba akatazama miguu yake iliyolowa povu. Halafu akasema, "Ala! Kumbe chai yote ile tumekunywa treni?"

"Ya kisima?" mzee akauliza, kama mtu aliyeambiwa kuwa ugonjwa si wake. "Mama Shamimu, ya kisima kabisa?"

"Pipa zima."

"Mama, unamtetea tu," Shamimu akasema.

"Shika hilo povu uonje! Mie nijiaibishe mbele ya mtaa kwa kutetea?"

Shamimu akachovya kidole, akaonja, akakunja uso. Akazitazama funguo mkononi mwa baba yake. "Haya. Kesho," akasema. "Lakini kesho ndiyo mwisho, Baba." Wageni wakaondoka wakicheka, na nusu yao hawakuamini habari ya maji.

Asubuhi Bi Wahiba akaleta katoni za maji ya chupa. Mzee akawa anaisuza boila, na kila maji yakitoka Bi Chausiku anaonja kwa kijiko kama anaonja mchuzi. "Bado." Anasuza tena. "Bado." Mara ya mwisho akatulia, akalamba kijiko. "Sasa."

Safari hii hapakuwa na viti vya plastiki. Walikuwa wao watatu tu. Mkono wa mzee ulitetemeka kwenye wenzo, lakini wenzo ukaenda. Magurudumu yakateleza palepale, yakazunguka bure, mzee akanyunyiza mchanga kidogo relini, yakang'ata. Bi Chausiku akahisi kuvutwa kiunoni, kwa upole, kama mtu amemshika mkono. Ukuta wa choo ukapita. Kamba ya nguo ikapita. Mbele yake aliona kisogo cha mumewe, mvi zimelowa jasho, na hakikugeuka hata mara moja. Shamimu alitembea pembeni, ameinama, ameshika pindo la dera la mama yake lisiingie magurudumuni.

Getini treni ikasimama, inapumua.

"Umefika," mzee akasema. "Shuka."

"Sishuki. Si inarudi kinyumenyume hii?"

"Inarudi."

"Basi nirudishe jikoni, nina maharage motoni."

Shamimu hakuulizia funguo. Akazunguka upande wa pili, akainama, akashika pindo.