Maji ya Kuoshea Kioo

Nyumbani kwetu Newala maji hayakumwagwa hivi hivi. Ya kunawia uso yaliosha miguu, ya miguu yalikwenda kwenye sakafu ya jikoni, na yaliyobaki ulinyweshwa mpapai. Mama akiniona nimejaza kopo, alisema, "Umehamia Lukuledi, mwenzetu? Huko ndiko kwenye mto." Nilikua hivyo, mkono wangu ukijua kipimo chake bila kuulizwa. Mkono huo huo nilikwenda nao Masasi, kwenye maabara ndogo ya mifugo, kujifunza kusoma damu.

Sikuwa nimeanza kuandika vitabu. Nilikuwa mwanafunzi wa afya ya mifugo niliyetumwa mazoezini, na mwalimu wangu wa maabara alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Tone la damu ya ng'ombe linawekwa karibu na ncha ya kioo. Kioo cha pili kinalisukuma mara moja, bila kusita, damu itandazike nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Inakauka. Inatiwa spiriti ishikamane. Kisha inafunikwa rangi ya zambarau, unasubiri, halafu unaosha kwa maji mengi mpaka kioo kibaki na wekundu hafifu tu.

Hapo kwenye kuosha ndipo tulipogombana kila siku.

"Osha!"

"Nimeosha, mwalimu."

"Umekipangusa jasho, hujakiosha. Wewe mtu wa Newala, kioo hakinywi maji, usikionee wivu. Rangi ikibaki inaganda vidoti vidoti, halafu vinakudanganya."

Nilimsikia na nilimwelewa. Lakini ulikuwa msimu wa korosho, mvua bado haijaja, ndoo iko nusu, na kila nilipoinamisha kopo nilimwona mama anapandisha mlima, shingo imekaza chini ya ndoo. Niliona aibu kumwaga maji yote yale kwa ajili ya tone moja la damu. Akiwepo mwalimu niliosha. Akiondoka, nilibania.

Asubuhi moja alikwenda machinjioni kukagua nyama, akaniacha peke yangu. Akaja mama mmoja kutoka Mnyambe, upande wa kwetu Newala, amekumbatia chupa ya chai. Ndani yake, katikati ya vipande vya barafu, mlikuwa na kichupa cha damu aliyoitoa bwana mifugo wa kata yao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtamba wangu kalala tangu jana, hainuki. Bwana mifugo anasema tuanzie kwenu. Ni huyo huyo mmoja, sina mwingine."

Nilipaswa kukaa naye pale kwenye benchi na kumuuliza maswali. Nikachukua kichupa, nikaingia ndani.

Nilipaka, nikakausha, nikatia rangi, nikaosha kidogo. Niliinamia hadubini. Juu ya chembe za damu kulikuwa na vidoti vya zambarau, vidogo, vingi, sawasawa na vile vya picha ya ndigana kali, ugonjwa wa kupe, iliyobandikwa ukutani. Wiki zote zile nilikuwa sijauona ugonjwa kwa macho yangu. Nilicheka peke yangu. Siwezi kulisema hili kwa namna nyingine: nilifurahi. Ng'ombe pekee wa mtu alikuwa anakufa, na mimi nilifurahi kama aliyeokota kito.

Utaratibu wetu ulikuwa kwamba majibu hayatoki mpaka mtu wa pili ayasome. Nilitoka nayo mbio.

"Mama, nimeupata! Ni ndigana kali."

Alinitazama kwanza mimi, halafu mlango nyuma yangu, kana kwamba angetoka mtu mkubwa zaidi.

"Ndigana kali hii iliyomuua ng'ombe wa jirani yangu?"

"Ndiyo hiyo."

"Yule walimchoma sindano mpaka wakachoka. Akafa alfajiri, wakamfukia na nyama yake yote." Tayari alikuwa ametoa simu. "Shemeji? Mchinje. Sasa hivi, usingoje mtu. Asije akatufia akawa kibudu." Akakata simu, akanishika mkono. "Asante, mwanangu. Umetuwahi."

Bado palikuwa na nafasi ya kusema subiri kwanza. Nilisema, "Karibu, mama."

Mwalimu aliporudi nilimwekea kioo kwa majivuno. Alitazama, akazungusha kirungu cha hadubini taratibu, mbele na nyuma.

"Njoo uone. Nikizungusha hivi, chembe zinafifia, vidoti vinabaki. Havimo ndani ya chembe. Vimekaa juu yake." Akainua uso. "Umeosha?"

Niliitazama ndoo. Alipaka kioo kingine kutoka kichupa kile kile, akakiosha kwa maji ambayo kwetu yangeoga mtoto. Chembe zikatokea safi, mviringo, hazina kitu. Alitafuta mwanzo mpaka mwisho wa kioo, hakuona kidoti. Nikamwambia kuhusu simu, na kabla sijamaliza sentensi alikuwa ameshatoka nje.

"Mama, mtamba alikula nini kabla ya kulala?"

"Alikata kamba, akaingia kwenye mabibo. Tulikuwa tumeyarundika nyuma ya banda baada ya kunyofoa korosho. Tumemkuta tumbo limejaa, ananuka kama kilabu cha pombe ya uraka." Akacheka kidogo, kwa haya. "Ng'ombe wa Mwislamu, dokta, analewa."

Mwalimu hakucheka. "Piga simu. Waambie wasichinje, ni mabibo yaliyomlaza. Wamnyweshe maji ya magadi, tutakuja kumwona."

Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara ya tatu sauti ya shemeji ilisikika hata pale nilipokuwa nimesimama: "Tunachuna, shemeji! Tumeshaanza kuchuna!"

Mama aliishusha simu taratibu mapajani.

"Maabara imekosea," mwalimu alimwambia. "Utusamehe, mama."

Alisema maabara. Hakugeuka kunitazama, na mimi nikajificha ndani ya neno hilo kama mtoto nyuma ya kanga.

Sikuweza kukaa humo kwa muda mrefu. Nilimfuata mama yule mpaka kwenye magari ya Newala, nimembebea chupa yake.

"Mama, si maabara. Ni mimi. Sikuosha kioo sawasawa. Nilibania maji."

"Maji?"

"Ndiyo, mama. Na mimi natoka Newala."

Nilitamani anitukane kwa Kimakonde, mbele ya watu wote pale.

"Nyama inalika?" aliuliza.

"Bwana mifugo alimchoma sindano yoyote?"

"Alitoa damu tu."

"Basi inalika, mama."

"Na ndama?"

"Ndama gani?"

"Wa tumboni. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Wajukuu walikuwa wanagombania maziwa, na hata hajazaa."

Utingo aliita wa Newala wapande.

"Sikukuuliza," nilisema.

"Hukuniuliza," akasema. Akachukua chupa yake mkononi mwangu, akapanda gari.