Shimo la Bibi na Ndoo Tatu za Baba

Baba yangu anayapenda mazingira kama watu wengi wanavyopenda mpira: kwa kelele, na bila kuinuka kwenye kiti. Sijawahi kumwambia hivyo. Mimi mdomo wangu ni mzito, ndiyo maana naandika.

Nilikuwa kidato cha pili mtaa wetu hapa Tunduma ulipotangaza kwamba kaya itakayokutwa safi kuliko zote itapigiliwa kibao getini, cha bati, chenye rangi ya kijani, kimeandikwa Kaya ya Mfano. Baba ni wakala wa forodha. Kazi yake ni kuhakikisha mizigo ya watu inavuka mpaka ikiwa na karatasi zake zote. Tangu asikie habari za kile kibao, akaanza kututazama sisi kama mzigo wenye karatasi pungufu.

Upungufu mkubwa kuliko wote alikuwa Bibi.

Bibi ni mama yake mzazi. Aliletwa kwetu kutoka kijijini Ikinga kwa sababu ya macho, maana dawa yake ni ya matone, asubuhi na jioni, na kule kwake hakuna wa kumtonesha. Kazi hiyo nilipewa mimi, na chumba tukalala pamoja. Alikuja na begi moja na mbegu za maboga zimefungwa kwenye kitambaa. Siku ya pili tu akauliza maganda ya ndizi tunayatupa wapi. Mama akamwonyesha kiroba. Kiroba nacho kinakwenda wapi? Mama akasema kinachukuliwa. Na nani? Mama akakumbuka ana maharage jikoni.

Kesho yake Bibi akachimba shimo nyuma ya jiko, kwa jembe la kuazima, kwa sababu nyumba yetu yenye televisheni mbili haina jembe hata moja. Maganda yakaingia shimoni, na majivu, na majani yaliyofagiliwa. Maji ya kuoshea vyombo yakaacha kumwagwa njiani, yakaanza kunywesha chainizi aliyoipanda pembeni. Chenga za makaa alizifinyanga na udongo, akazianika juani, zikapikia maharage. Tukaacha kununua mboga. Mama alikula ile chainizi kila siku na kila siku alisema uani kwake pamekuwa shamba.

Sasa niseme viroba vilikokuwa vinakwenda, maana Mama hakusema. Vilikuwa vinangoja mvua. Mbele ya nyumba yetu kuna mtaro unaoteremka kuelekea ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia. Wingu likitanda, geti moja baada ya jingine linafunguka, na watu wazima wenye heshima zao, wengine wazee wa kanisa, wanatoka na viroba, wanatazama kushoto na kulia, wanamwaga. Maji yanabeba. Baba alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa kama mtu anayefundisha darasa: mzigo ukishavuka mpaka si wako tena, ni wa aliyeupokea. Sijui Wazambia walisaini wapi.

Basi kwa ajili ya kibao Baba alinunua ndoo tatu zenye mifuniko. Akaniita mimi mwenye mwandiko mzuri niandike kwa rangi: VINAVYOOZA, PLASTIKI, MENGINEYO. Akaleta mafundi wa kuweka sementi uani kote, mpaka ukutani. Shimo likafukiwa, chainizi ikang'olewa. Bibi alikaa kwenye kigoda akiwatazama mafundi, halafu akamwita Baba.

"Baba," alisema, maana ndivyo anavyomwita mwanawe, "umeniziba mdomo. Jumamosi nipandishe gari, nirudi kwangu."

Baba akasema hayo wataongea baada ya ukaguzi.

Nilihesabu kichwani: dawa ilikuwa imebaki ya miezi miwili, na Ikinga nani atamtonesha? Na mimi nitaongea na nani? Kwa Bibi peke yake ndiyo mdomo wangu ulikuwa mwepesi. Aliniita mke mwenzake, akidai mume wetu, yaani Babu marehemu, alinipenda mimi zaidi kwa sababu nilikuwa bado na meno.

Bwana afya alikuja Alhamisi na mjumbe wetu, mama mmoja asiyeogopa mtu. Baba alishapanga kwamba maelezo ya ndoo nitayatoa mimi. Eti maneno ya mwanafunzi yanapendeza. Siku tatu alinikaririsha. Nikayamwaga yote nikiwa natazama vidole vya miguu yangu. Bwana afya akaridhika, akauliza swali ambalo halikuwa kwenye mazoezi: ndoo zikijaa tunapeleka wapi?

Niliinua macho. Bibi alikuwa ameketi palepale shimo lake lilipokuwa, juu ya sementi, ananisikiliza.

"Dampo," nikasema.

Bibi akacheka kwa pua. Kibao kikapigiliwa siku hiyohiyo, Baba akapigwa picha ameshika ndoo ambayo hakuwahi kuigusa kabla ya hapo.

Jioni nilipokuwa namtonesha dawa, Bibi akasema akiwa amefumba macho, "Mke mwenzangu, leo umeongea mbele za watu. Mimi nilidhani siku ukifungua mdomo utatoa kitu."

Nikafunga kichupa cha dawa. Begi lake lilikuwa tayari sakafuni, limefungwa.

Ijumaa mchana wingu likatanda. Mama akachukua ndoo ya vinavyooza, Baba ya plastiki, mimi nikaambiwa ya mengineyo. Nilibeba. Tukatazama kushoto na kulia kama wengine wote, tukamwaga ndoo tatu mtaroni, uchafu tuliouchambua kwa makini ukachanganyika kabla hata haujafika kwa jirani. Tukarudi ndani kunywa chai.

Mvua ilikuwa kubwa. Kalvati linalopitisha maji ya mtaro chini ya barabara ya malori lilikuwa limepokea viroba vya mtaa mzima msimu mzima, na siku hiyo likashiba. Maji yakasimama, yakafikiri kidogo, yakageuka. Yaliingia getini, chini ya kibao cha Kaya ya Mfano, yakiwa yamebeba mifuko ya rambo, maganda, chupa na nepi za mtoto wa watu. Zamani uani kwetu maji yalinywewa na udongo. Sasa yalikuta sementi imesakafiwa vizuri kabisa, yakakaa. Halafu yakapita chini ya mlango wa chumba chetu, yakalowesha begi la Bibi.

Mvua ilipokatika mjumbe akaja na mabuti yake, akipita nyumba kwa nyumba kuuliza uchafu huu ni wa nani. Baba alikuwa amekunja suruali magotini. Akasema ni wa watu wa juu huko, wasiostaarabika. Alisema kwa sauti yake ya ofisini. Mimi nilikuwa nimeokota majini kibandiko cha boksi la dawa ya Bibi, jina lake bado linasomeka.

"Ni wa kwetu," nikasema.

Mjumbe hakusikia. Akaniambia nirudie, na kurudia ndiko kulikoniumiza zaidi.

"Ni wa kwetu. Tumemwaga sisi, mimi na Baba na Mama."

Baba alinitazama kama mtu aliyeona saini yake kwenye karatasi asiyoijua. Mjumbe akatazama kibao, akatazama zile ndoo zilizokuwa zinaelea tupu.

"Wakala," akamwambia taratibu, "mzigo wako umerudishwa."

Akaomba nyundo ang'oe kibao. Nyundo pia hatuna. Kibao kilikaa wiki nzima zaidi, na Baba akawa anaingilia mlango wa nyuma.

Maji hayakuwa na pa kwenda, ikabidi Baba aazime sululu avunje sementi, pale penyewe nyuma ya jiko. Bibi akafungua begi uani, akatandaza nguo, mwisho akafungua kitambaa. Mbegu zilikuwa zimevimba. Akazibonyeza moja moja kwa kidole, akasema zimeshalowa, hizi haziwezi kungoja Ikinga, ama zipandwe leo ama zioze. Akazipanda kwenye shimo la Baba.

Jumamosi hakupanda gari. Alisema ataondoka akishakula majani yake. Majani tumeyala, sasa anasema anangoja maboga, na maganda yameanza kurudi shimoni bila mtu kutoa ruhusa. Wageni wakija, Baba huwaonyesha pale mahali, anasema ni mfumo wa kunyonya maji, aliubuni mwenyewe. Bibi hucheka kwa pua. Begi lake limetundikwa msumarini, limefungwa, na mimi kila jioni namtonesha dawa, jicho la kulia kwanza.