Mkalimani wa Mwekezaji

Hapa Songea wawekezaji wote wa madini humtafuta yeye awatafsirie. Ni mtu mpole, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola. Kabla ya kusema hujifuta midomo kwa leso, kisha huzungumza polepole kama anayemlisha mgonjwa uji. Neno kali likipita kwake hutoka limepoa.

Nilimwona kwenye mkutano wa kijiji ambako kampuni ilitaka kuchimba makaa ya mawe. Ilihitaji kwanza ridhaa ya wanakijiji. Bibi Anjelika akasimama. "Mgeni, karibu, ugali upo. Lakini pale kilimani nimemlaza mume wangu na watoto wawili. Hapachimbwi."

Mkalimani akajifuta midomo. "Bibi anakukaribisha," alimwambia mwekezaji kwa Kiingereza. "Anaomba tu makaburi yaheshimiwe."

"Tutayahamisha kwa heshima zote," mzungu akajibu.

Mkalimani akatugeukia, akatabasamu. "Amesema atayaheshimu."

Watu wakapiga makofi, karatasi ya ridhaa ikaanza kuzunguka. Bibi akanishika mkono. "Umesikia, mwanangu? Amekubali."

Kiingereza nilikuwa nimekielewa chote. Nikamjibu, "Nimesikia, bibi."